Sharti Linalobaki Nyuma

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeamka. Nimeswali. Nimewasha kompyuta. Chai imekuja na vijiko vitatu vya sukari, kama kila siku. Nimekunywa.

Kazi ya mwezi huu: kuongeza ukaguzi wa masharti kwenye marejeo ya fanksheni. Nimeiandika kwenye karatasi nikaibandika ukutani. Siku hizi nikisoma kitu kwenye kioo cha kompyuta kinapita tu, hakikai.

Kikao saa tisa alasiri. Kamera nimeiziba kwa plasta ya kidonda tangu Mei. Hakuna aliyeuliza. Wenzangu wako mbali, kila mmoja na nchi yake, tunatengeneza lugha ya programu pamoja, na kwao mimi ni jina na sauti. Henrik, anayetuongoza, alisema niko kimya sana. Nikasema mtandao wa Mafia mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri. Ndege ya mchana ilipita juu ya bati, nikasingizia na hiyo.

Jumatano, 6 Agosti

Niandike kwa maneno ya kawaida, labda nitaelewa ninachokifanya. Kichwa kimejaa pamba.

Fanksheni ni kipande cha kazi chenye jina. Kwa mfano: washa feni. Katika lugha yetu unaweza kukiwekea sharti: mlango uwe umefungwa. Ukikiita kwa jina, lugha inakagua sharti kwanza. Likikosekana, inagoma. Hapo pako sawa.

Lakini unaweza pia usikiite mwenyewe. Unamkabidhi mwingine rejeo lake, yaani ruhusa ya kukiita kwa niaba yako, wakati wake ukifika. Na hapo ndipo penye ubovu. Rejeo likishakabidhiwa, sharti linabaki nyuma. Aliyekabidhiwa anaita tu. Haulizwi kitu.

Mkulima mmoja wa nchi za baridi ana mashine ya kukaushia mbegu inayoendeshwa kwa lugha yetu. Feni aliikabidhi kwa saa ya mashine asubuhi. Jioni saa ikaiwasha. Mlango ulikuwa wazi. Mbegu zimetapakaa sakafuni, nyingine zimeganda darini. Katuma picha na maneno makali.

Zamani ningecheka. Shaame angecheka zaidi.

Jumamosi, 9 Agosti

Mume wangu Shaame alifariki mwishoni mwa Aprili. Alikuwa fundi wa injini za boti. Aliitwa kazini kijiji cha Bweni, akaenda, akaanguka akiwa na spana mkononi. Wakamleta kwa pikapu katika ile barabara ya mashimo. Kilindoni alifika ameshakata roho.

Nimeandika sentensi hizo na sijasikia kitu. Nimezisoma tena. Bado.

Shaame hakuwasha injini bila kugusa vitu vitatu: mafuta, mpira wa mafuta, kamba. Hata injini yake mwenyewe, hata akiwa na haraka. Mimi nilikuwa namcheka. Yeye alisema injini haina haya, ukiikosea inakuumbua mbele za watu.

Niko kwenye eda. Miezi minne na siku kumi, ndani. Sitoki ila kwa dharura, sijipambi, sijitii manukato. Watu wananionea huruma kwa kufungiwa. Hawajui kwamba sina pa kwenda. Nina kitanda, meza, kompyuta, na mama mkwe anayesuka ukili barazani. Nyumba ni yake. Nilikuja hapa bibi harusi miaka sita iliyopita na sijawahi kusikia neno baya kutoka kwake.

Jumanne, 12 Agosti

Henrik katuandikia. Anapendekeza sharti likaguliwe mara moja tu, pale rejeo linapokabidhiwa. Baada ya hapo lisikaguliwe tena. Programu itakwenda mbio zaidi.

Ni kosa. Mlango unaweza kuwa umefungwa asubuhi na wazi jioni. Nilijua tangu mstari wa pili. Nikafungua sehemu ya kujibu, nikaangalia kile kimstari kinachopepesa, nikafunga.

Saa kumi na moja kaandika tena: kwa kuwa hakuna aliyepinga, tunaendelea.

Sikukasirika. Niliona ni sawa tu. Kila kitu siku hizi ni sawa tu.

Jumapili, 17 Agosti

Mama mkwe leo kazungumza nami huku anasuka. Mwenye eda haposwi waziwazi, na Mama ni mtu wa dini, kwa hiyo alizunguka. Nyumba bila mwanamume haina mlinzi. Mkwe mwema hapatikani mara mbili. Makame hana mke. Makame mpole. Makame anakuulizia.

Makame ni mdogo wake Shaame. Anafanya kazi bandarini, Dar es Salaam. Nimemwona labda mara tano. Kwenye msiba alibeba maji na hakumtazama mtu usoni.

Nilimtazama Mama vidole. Ukili unaingia, unatoka, unaingia. Nilitaka kusema kitu, sikukipata. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Yeye akanipigapiga goti, akanyanyuka, akaenda uani na simu. Nilimsikia sauti imechangamka. Sijamsikia hivyo tangu Aprili.

Nikarudi kwenye kompyuta.

Jumatano, 20 Agosti

Mkulima wa mbegu kaleta habari nyingine. Siku ile waya wa mlango ulikuwa umetafunwa na panya. Kwa hiyo mlango ulipoulizwa "umefungwa?" haukujibu kabisa. Si ndiyo, si hapana. Jibu tupu.

Na lugha yetu, ikipata jibu tupu, inahesabu ni ndiyo.

Nimetafuta nani aliandika mstari huo. Kumbukumbu zinaonyesha jina na siku. Ni mimi. Mwaka juzi. Pembeni nimeweka na maelezo: kama hakuna jibu, endelea.

Nilikuwa na haraka siku hiyo. Nakumbuka. Tulikuwa tunaenda Juani kwenye harusi ya binti wa Ami Haji na Shaame alikuwa ananiita nje.

Jumatatu, 25 Agosti

Ami Haji kapiga simu kutoka Juani. Ni mdogo wa marehemu baba, na baba akiwa hayupo yeye ndiye walii wangu: bila yeye siolewi. Kule mtandao ni wa kuvizia, kwa hiyo huwa anapiga kelele.

Shikamoo Ami. Marahaba mwanangu, hongera. Akasema ameshampa uwakili Maalimu Sudi wa Dar es Salaam, aozeshe badala yake, maana Makame hapewi ruhusa kazini. Alhamisi eda inaisha. Ijumaa baada ya swala ndoa inafungwa huko huko. Jumapili Makame anakuja kunichukua au kukaa, tutapanga.

Nikasema, "Haya."

Haya. Ndilo neno nililomjibu. Kama mtu aliyeambiwa samaki wamepanda bei.

Mtandao ukakatika. Nimekaa na simu sikioni muda mrefu.

Jumanne, 26 Agosti

Nimeamka nikiwa na woga. Nimeushangaa. Ni kitu cha kwanza kunijia tangu Aprili na ni kibaya.

Simtaki Makame. Hana ubaya. Simtaki tu. Nimeandika ili nione linavyoonekana. Linaonekana la kweli.

Nimempigia Ami mara nane. Hapatikani. Namba ya Maalimu sina. Ya Makame ninayo, lakini mwanamke wa eda ampigie mwanamume kumwambia habari za ndoa yake? Nimeitafuta, nimeiangalia, nimeiacha.

Mama kanunua vitunguu vingi. Kaniletea chai. Nimekunywa.

Jumatano, 27 Agosti

Ami hapatikani. Nimemtumia ujumbe. Alama moja tu, haujafika.

Nimefanya kazi tangu alfajiri kwa sababu vidole vinakubali hata kichwa kikikataa. Nimefuta mstari wangu wa mwaka juzi. Sasa jibu tupu ni hapana. Halafu nimeanza lile la pili, ambalo Henrik hajaliruhusu: sharti lisafiri pamoja na rejeo. Popote litakapokwenda, kwa yeyote atakayelishika, siku yoyote atakayoliita, liulize upya. Usimwamini aliyekukabidhi kwamba alishauliza. Uliza wewe.

Nikasimama hapo. Nikaondoa mikono kwenye kompyuta.

Maalimu anadhani Ami kaniuliza. Ami anadhani Mama kaniuliza. Mama alizunguka na maneno, nikanyamaza, akaondoka na jibu lake. Uwakili umeshafika Dar. Mimi niko chumbani Kilindoni. Sharti la eda wamelihesabu siku kwa siku, tena kwa mwezi mwandamo, hawakukosea hata moja. La ridhaa yangu limebaki hapa kitandani.

Saa nne asubuhi nilikwenda hadi mlango wa jikoni. Mama alikuwa anachambua mchele, anaimba kwa kinywa kilichofumbwa. Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Aliinua kichwa akatabasamu. Nikachota maji nikarudi.

Najichukia leo.

Alhamisi, 28 Agosti

Eda imekwisha. Wanawake wa mtaani walikuja alasiri. Wameniogesha, wamenivika kanga mpya, wamenifukiza udi. Jirani Bi Tatu kasema kimya changu kina baraka, si kama wajane wengine wanaotoka eda na makelele. Mwingine kasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wakacheka. Wote wanajua habari za kesho.

Nilipitishwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine kama sinia. Hakuna aliyefanya ubaya. Mikono yote ilikuwa laini.

Mama alilia alipoona kanga mpya. Kasema Shaame angependa rangi ile. Ni kweli, angependa.

Sikusema.

Ijumaa, 29 Agosti

Niandike kwa utaratibu.

Umeme ulikatika tangu alfajiri. Kompyuta ilikuwa na chaji ya saa tatu. Saa mbili asubuhi niliendesha majaribio, feni na mlango vya kuigiza ndani ya kompyuta. Nikakabidhi fanksheni ya feni kwa saa ya mashine, mlango ukiwa umefungwa. Nikaufungua mlango. Saa ikaita. Ikakataliwa. Nikakata waya, nikaita tena. Ikakataliwa tena, na ujumbe niliouandika mwenyewe ukatokea: sharti halijajibiwa.

Nimeusoma mara nne. Halafu nikanyanyuka nikaenda jikoni.

Mama alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikasema, "Mama, mimi sijaulizwa." Akasema pilau ameshaamua, lakini nikitaka biriani niseme sasa. Nikasema tena. "Makame. Sijaulizwa. Simtaki."

Akaacha kukuna. Kifuu kilibaki mkononi.

"Mbona ulinyamaza?"

"Mama, mimi si mwali."

Anajua. Sote tunajua, tulifundishwa chuo cha Kurani tukiwa watoto. Mwali akinyamaza amekubali, haya imemzidi. Mjane husema kwa mdomo wake. Mama kalijua hilo miaka yote na siku ile alitaka sana kulisahau. Niliona usoni mwake.

Hakubisha. Kaenda ndani, kaniletea simu yake, ndiyo yenye namba ya Maalimu. Ilikuwa na chaji ya mwisho kabisa, inalia kuomba. Nikaichomeka kwenye kompyuta. Kompyuta ikafa nusu saa baadaye kwa ajili hiyo. Mara ya kwanza Maalimu hakupokea. Mara ya pili hakupokea. Saa nne ilikuwa imeshapita. Mara ya tatu akapokea, nyuma yake kuna honi za magari.

Nikamwamkia. Nikasema mimi ndiye Rukia, mjane wa marehemu Shaame, unayetaka kuniozesha leo. Akasema walii wangu kamaliza kila kitu. Nikasema walii wangu hajaniuliza. Akasema, "Mimi nilidhani kauliza." Nikasema na yeye alidhani kuna mtu kauliza.

Akasema, "Basi nakuuliza mimi, binti yangu. Unakubali au hukubali?"

"Sikubali."

Neno lilitoka kavu, kubwa kuliko nilivyotaka. Kuku wa jirani walikimbia, au mimi ndiye niliyeona hivyo.

"Basi hakuna ndoa. Uwakili bila ridhaa yako ni maneno matupu. Ningefunga kitu kisichofungika." Akashukuru kwamba nimepiga. Ni mtu mzima, angeingia kwenye makosa kwa kuamini watu.

Mama alikuwa amesimama pale pale. Akasema, "Basi utaondoka."

Nikasema, "Hilo nalo hujaniuliza, Mama."

Hakuniuliza. Akarudi kwenye mbuzi akakuna nazi ile mpaka kifuu, kwa nguvu. Pilau likapikwa, vitunguu vimeshanunuliwa. Tumelila watu wawili. Sikulia.

Makame katuma ujumbe: Shemeji, niliambiwa umeridhia. Na mimi sikutaka kumvunja Mama moyo. Nisamehe. Nimeusoma mara mbili. Nadhani na yeye hakuulizwa vizuri.

Jumamosi, 30 Agosti

Ami Haji kaja. Boti kutoka Juani, kisha bodaboda, kanzu imejaa vumbi jekundu. Alifika amekasirika. Kasema nimemwaibisha mbele ya Maalimu. Nikamwachia amalize.

Halafu akaniuliza, kwa sauti ndogo, kwa nini sikumwambia aliponipigia. Nikasema nilimwambia haya, na haya si ndiyo. Akafikiri. Akasema, "Nilipokuozesha kwa Shaame nilikuuliza, ukanyamaza, ukainamisha kichwa. Nikajua. Nikadhani na hii ni ile ile."

Siku ile nilinyamaza kwa furaha. Nilikuwa nimejifunika shela nacheka chini yake. Ami hakukosea siku ile.

Hapo ndipo nikalia. Mbele yake, bila leso, kwa muda mrefu. Ami hakujua afanye nini, akawa anafuta vumbi kwenye kanzu. Mama alikuwa mlangoni. Hakuingia.

Jumatatu, 1 Septemba

Umeme ulirudi jana. Nimetuma kazi. Juu yake nimemwandikia Henrik: tarehe kumi na mbili sikukubali, nilinyamaza. Sharti likaguliwe kila rejeo linapoitwa, si linapokabidhiwa tu. Litapunguza mbio kidogo. Na bora lipunguze.

Halafu nikaongeza sentensi moja. Mume wangu alifariki mwezi wa nne.

Kajibu baada ya saa moja. Kasema pole kwa maneno machache, vizuri. Kasema safari hii amemuuliza kila mmoja kwa jina, na wote wamejibu, na kazi inaingia kwenye toleo jipya. Hakuniuliza kwa nini sikusema mapema. Nimeshukuru.

Mchana nimetoka. Mara ya kwanza. Nimekwenda hadi sokoni, nimenunua betri ya saa ya ukutani na ndizi. Jua kali. Watu wamenisalimu, nimewaitikia. Banda la Shaame la kutengenezea injini limefungwa, kuna mtu kaanika madagaa mbele yake. Sijajisikia vibaya sana. Sijajisikia vizuri.

Sijui kama nitakaa hapa au nitarudi kwetu. Sina jibu bado, na sijamsingizia mtu yeyote jibu.

Jioni Mama kaja na birika. Kakaa kitini mwa Shaame, jambo ambalo hajalifanya tangu msiba. Siku tatu hizi tumeongea habari za kuni na maji tu. Kamimina chai. Kachukua kijiko, kakitia kwenye kopo la sukari, halafu mkono ukasimama hapo juu ya kikombe.

"Nikutilie?"

Kangoja. Kwa kweli kangoja. Chembe za sukari zilikuwa zinadondoka mezani.

Nikamwambia, "Bila sukari, Mama. Mwenye kupenda sukari alikuwa Shaame."

Akanitazama. "Miezi yote hii?"

"Miezi yote."

Akarudisha sukari kwenye kopo. Akafuta meza kwa kiganja. Tukanywa.